Taarifa ya kiwanda cha bastola kwa wauzaji: isomwe vipi kabla ya kuweka oda

Swali: Msomaji wetu mmoja, Mtanzania mwenye ukazi wa kudumu Marekani, anafanya kazi katika duka la silaha lenye leseni huko Phoenix, Arizona, na hivi karibuni mwenye duka amemkabidhi shughuli ya ununuzi. Anaandika kwamba wamepokea taarifa ya kiwanda kimoja cha bastola inayosema kuwa aina tatu zinasitishwa, toleo jipya litachukua nafasi yake, oda ambazo mzigo wake haujatoka "zitapitiwa upya", na orodha mpya ya bei imeambatanishwa. Anauliza: "Je, oda zetu za zamani bado zipo? Tunaweza kuanza kupokea pesa za wateja kwa ajili ya toleo jipya? Na bastola za zamani tulizo nazo stoo, tuzirudishe au tuendelee kuziuza?"

Jibu: Ndugu msomaji, maswali yako matatu yanakutana mahali pamoja. Taarifa ya kiwanda hukueleza kile ambacho kiwanda kinakusudia kufanya. Mzigo wenyewe hutoka kwenye oda iliyothibitishwa kwa maandishi, yenye namba kamili ya bidhaa, idadi na bei, na iliyoko mikononi mwa mtu mwenye bidhaa hiyo ghalani. Mnunuzi wa duka akizishika hizi mbili kama kitu kimoja atajikuta ameahidi wateja bastola ambazo hakuna aliyemwahidi yeye.

Anza kwa kujiuliza oda zenu ziko wapi hasa. Katika biashara ya silaha Marekani viwanda vingi vikubwa huuza kupitia wasambazaji, na ndio wanaoyauzia maduka. Sturm, Ruger, kampuni iliyoanzishwa Connecticut mwaka 1949, hupitisha bastola zake kwa wasambazaji wa kujitegemea, na hapo hapo jimboni kwenu mnaye Davidson's wa Prescott, mmoja wa wasambazaji wanaojulikana sana. Kwa hiyo barua imetoka kiwandani, lakini inawezekana kabisa kwamba oda zenu zimeandikwa kwenye vitabu vya wasambazaji wawili au watatu, na kila mmoja ana kanuni zake. Kiwanda kinaposema oda zitapitiwa upya, mara nyingi kinazungumzia oda za wasambazaji kwake, si zenu kwa wasambazaji. Msambazaji aliyebaki na akiba ya aina iliyositishwa anaweza kuwatimizia oda yenu leo hii, ilhali mwenzake ambaye ghala lake ni tupu atafuta mstari huo kwenye mfumo wake, wakati mwingine bila kuwapigia simu. Mpigie kila mmoja, mtajie namba ya oda, na umwombe akuandikie hali ya kila mstari: umetimizwa, unasubiri mzigo, au umefutwa.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo linalowagharimu wanunuzi wapya zaidi ya yote, ni namba ya bidhaa. Mteja huja akitaja jina, na duka hununua kwa namba. Chukua Glock 19, bastola ya milimita 9 ambayo karibu kila duka la Marekani huwa nayo. Chini ya jina hilo moja kuna vizazi tofauti. Kuna yenye vilengeo vya kawaida na yenye vilengeo vinavyong'aa gizani. Kuna ambayo sehemu yake ya juu imechongwa ili ipokee darubini ndogo ya kulengea na ambayo haikuchongwa. Kuna inayokuja na magazini za risasi 15 na inayokuja na magazini za risasi 10 kwa ajili ya majimbo kama California na New York, ambayo sheria zake haziruhusu zaidi ya 10. Na kuna zile za mpango wa bei maalumu kwa askari. Kila mojawapo ina namba yake. Taarifa inaposema "aina tatu zinasitishwa", huenda inamaanisha namba tatu tu kati ya kumi na kitu, na huenda ile mnayoiuza kila wiki haikuguswa. Kwa sababu hiyo usiisome taarifa kwa kufuata picha na majina. Shuka moja kwa moja hadi kwenye jedwali, weka namba za taarifa upande mmoja na namba za oda zenu upande mwingine, kisha zilinganishe moja baada ya nyingine, herufi kwa herufi.

Lipo tukio la karibuni linaloonyesha vizuri taarifa ya namna hii inavyofanya kazi. Oktoba 2025 Glock, kampuni ya Austria ambayo makao yake ya Marekani yako Smyrna, Georgia, iliarifu kwamba inasitisha sehemu kubwa ya bastola zake za soko la raia na kuleta mfululizo mpya iliouita V, huku zile nyembamba za 43, 43X na 48 zikiendelea. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na mgogoro wa muda mrefu juu ya vifaa vidogo haramu vinavyoigeuza bastola ya aina hiyo ifyatue risasi mfululizo. Jiji la Chicago lilikuwa limeishtaki kampuni hiyo Machi 2024, jimbo la New Jersey likafuata Desemba mwaka huo, na katika mwezi uleule wa Oktoba 2025 gavana wa California alitia saini sheria inayowazuia wauzaji wa jimbo hilo, kuanzia 1 Julai 2026, kuuza bastola zinazoweza kugeuzwa kwa urahisi namna hiyo. Katika mazingira kama hayo uvumi hutangulia barua, na wateja huja dukani wakiamini kuwa bastola zao zimepigwa marufuku. Muuzaji wa Arizona alihitaji kutenganisha mambo matatu: uamuzi wa kiwanda wa kuacha kutengeneza kitu fulani, sheria ya jimbo jingine inayowahusu wauzaji wa huko, na sheria ya shirikisho ambayo haikubadilika kwa barua ya kiwanda. Taarifa mliyoipokea ninyi inataka utenganisho uleule.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali lako la tatu. Kusitishwa kwa aina fulani hakuifanyi bastola iliyoko stoo kuwa haramu wala mbovu, na kwa kawaida hakukulazimishi kuirudisha. Mtaendelea kuiuza kwa taratibu zilezile: fomu ya shirikisho namba 4473 ambayo mnunuzi huijaza, ukaguzi wa mnunuzi kupitia mfumo wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998, na kuandikwa kwenye daftari la silaha. Kama mna wasiwasi juu ya vipuri na dhamana ya toleo la zamani, mwandikieni mwakilishi wa kiwanda awajibu kwa maandishi, kisha mhifadhi jibu hilo ili mfanyakazi wa kaunta aweze kumwonyesha mteja anayeuliza.

Hata hivyo, kabla ya kuziacha bastola hizo rafuni, hakikisha kwamba ulichopokea ni taarifa ya bidhaa tu na wala hakina tangazo la usalama ndani yake. Naomba unisome kwa makini hapa, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kama bastola ina kasoro ya hatari serikali italazimisha irudishwe, kama inavyotokea kwa magari au vifaa vya kuchezea watoto. Sivyo. Sheria ya mwaka 1972 iliyounda tume ya usalama wa bidhaa za walaji iliziweka silaha nje ya mamlaka ya tume hiyo, na hadi leo wito wa kurudisha bastola kwa sababu ya kasoro hutolewa na kiwanda chenyewe. Usipoisoma barua ya kiwanda, inawezekana hakuna mwingine atakayekujulisha.

Lugha ya matangazo hayo nayo ina daraja. Juni 2017 Ruger ilitoa tangazo la usalama kuhusu bastola za Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo, ikieleza kwamba zinaweza kufyatuka bila kukusudiwa endapo kifungio cha usalama hakitatumiwa sawasawa, na ikawataka wenye nazo waache kuzitumia mpaka zirekebishwe. Novemba 2020 Smith & Wesson ilitoa wito kwa bastola za Shield EZ zilizotengenezwa kati ya 1 Machi na 31 Oktoba mwaka huo, kwa sababu ya nyundo zilizotengenezwa chini ya kiwango. SIG Sauer, kwa upande wake, Agosti 2017 ilitangaza kwa bastola ya P320 kile ilichokiita maboresho ya hiari, baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka katika pembe fulani. Majina ni tofauti, lakini kazi ya mnunuzi wa duka inafanana: toa stoo kila silaha yenye namba au tarehe iliyotajwa, itenge na uiwekee kibandiko kinachoonekana, na usiiuze mpaka irekebishwe. Mimi nashauri neno "hiari" lisikupunguzie haraka hata kidogo. Hiari hiyo ni ya mteja ambaye tayari anaimiliki; duka linalojua kuna kasoro na bado likaiuza silaha bila marekebisho linajibebesha lawama ambayo hakuna bima itakayoifurahia.

Bastola ikitoka stoo kwenda kiwandani kwa marekebisho, iandike kwenye daftari kuwa imetoka, ikirudi iandike kuwa imeingia. Mteja aliyeileta ya kwake anaweza kurudishiwa na kiwanda moja kwa moja, kwani kanuni za shirikisho zinaruhusu silaha iliyotengenezwa, au mbadala wake, irudi kwa mtu aliyeipeleka bila fomu mpya.

Sasa nirudi kwenye oda, maana swali la pesa za wateja haliwezi kujibiwa kabla ya kuelewa mgao. Mahitaji yakizidi uzalishaji, kiwanda huwagawia wasambazaji kiasi fulani, nao huyagawia maduka, mara nyingi kwa kuangalia ununuzi wa nyuma. Mwaka 2020 mfumo wa FBI ulipokea maombi ya ukaguzi yapatayo milioni 39.7, idadi ambayo haijawahi kuonekana kabla ya hapo, na maduka mengi yakawa yanaletewa bastola mbili tatu pale yalipoomba hamsini. Wanunuzi wakajibu kwa kuweka oda ileile kwa kila msambazaji waliyemjua. Kwa duka moja hilo lilikuwa na mantiki. Kwa soko zima lilijenga mahitaji hewa, kwani bastola moja ilihesabiwa mara nne au tano. Baadaye joto likapoa: mauzo ya Ruger yalishuka kutoka dola milioni 730.7 mwaka 2021 hadi milioni 595.8 mwaka 2022, na maduka yaliyosahau kufuta oda zao yakaanza kupokea masanduku ya bidhaa ambayo wateja walikwisha kuacha kuiulizia, kwa bei ya siku mzigo ulipotumwa.

Chunguza kwa hiyo kama oda zenu zinazosubiri zina kikomo. Baadhi ya wasambazaji huzifuta zenyewe baada ya muda fulani, wengine huziacha wazi mpaka mtu aseme neno. Chunguza pia kama kuna kifungu kinachoruhusu aina iliyositishwa ibadilishwe kwa toleo jipya bila kuwauliza. Msikubali kifungu hicho kwa jumla. Toleo jipya lina namba yake, bei yake na pengine magazini au vilengeo tofauti, na mteja aliyesubiri kitu fulani kwa miezi ana haki ya kuulizwa kwanza. Oda ya namba ya zamani haigeuki kuwa oda ya namba mpya kwa sababu taarifa imesema moja linachukua nafasi ya jingine. Iandike upya na upate uthibitisho upya.

Kuhusu pesa za wateja, ushauri wangu ni kutopokea malipo ya awali kwa toleo ambalo msambazaji bado hajawathibitishia idadi na tarehe. Andika majina kwa mpangilio wa kuja, mpe kila mtu karatasi yenye tarehe aliyojiandikisha, na pesa zianze kupokelewa pale tu ankara itakapoonyesha mzigo umetoka. Mwenye duka akisisitiza kupokea amana mapema, basi iwe ya kurudishwa yote, jambo hilo liandikwe kwenye risiti, na fedha hizo zikae kando, zisitumike kulipia mzigo mwingine. Matangazo mengi ya bidhaa mpya hutolewa Januari, wakati wa maonyesho ya biashara ya SHOT Show kule Las Vegas, na si ajabu bidhaa iliyopigiwa tarumbeta mwezi huo ikafika madukani majira ya joto. Mteja aliyelipa Januari hatakumbuka kwamba tarehe ilikuwa ya makadirio. Atakumbuka kwamba mlichukua hela yake.

Bei sitaizungumzia sana. Orodha iliyoambatanishwa huwa na bei ya duka, bei inayopendekezwa kwa mnunuzi, na bei ya chini kabisa ambayo mnaruhusiwa kuitangaza. Ya mwisho inahusu tangazo, na kuivunja kunaweza kuwaondoa kwenye mpango wa kiwanda. Ushuru wa shirikisho wa asilimia 10 kwa bastola hulipwa na mtengenezaji au mwagizaji na tayari umo ndani ya bei ya duka. Ulizeni tu kama oda za zamani zitatozwa bei ya siku ya kuweka oda au ya siku ya kutuma.

Kabla mzigo wowote haujatoka, msambazaji atataka nakala ya leseni yenu iliyotiwa saini, naye ataihakiki. Leseni ya shirikisho hudumu miaka mitatu, na ikiwa yenu inakaribia kuisha wakati wa foleni ya toleo jipya, tumeni maombi ya kuihuisha mapema, kwa sababu mzigo unaokwama kwa ajili ya karatasi huenda ukapewa duka linalofuata kwenye mgao.

Siku masanduku yatakapofika, usitegemee kibandiko cha nje. Fungua kila sanduku na usome namba iliyo kwenye silaha yenyewe. Kwenye Glock iko kwenye bamba dogo la chuma lililozamishwa katika fremu ya plastiki, chini ya mtutu. Kwenye P320 ya SIG Sauer silaha kisheria ni mtambo wa chuma ulio ndani, na namba yake husomwa kupitia kidirisha kilichokatwa kwenye mpini. Linganisha namba hiyo na sanduku, kisha na ankara, kisha iandike kwenye daftari kabla ya kufungwa kwa siku ya kazi inayofuata: mtengenezaji, aina, namba, ukubwa wa risasi, tarehe, na jina na namba ya leseni ya aliyekutumia. Ipo pia safu ya mwagizaji, na wengi huiruka. Glock mbili zenye jina moja zinaweza kufika katika mzigo mmoja, moja ikiwa imetengenezwa Austria na nyingine Georgia. Ile ya Austria iandikiwe pia mwagizaji aliyechongwa juu yake, ya Georgia haina mwagizaji. Toleo jipya liandikwe kwa jina kamili kama lilivyochongwa kwenye silaha, hata kama wafanyakazi wote wamezoea kuliita kwa jina la zamani. Mkaguzi wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia leseni za silaha, husoma silaha na daftari, wala hajali mazoea ya kaunta. Namba isipolingana, usiipeleke rafuni. Mpigie msambazaji siku hiyohiyo. Na bastola ikikosekana kwa wizi au upotevu, saa 48 tangu kugundua ndizo mlizo nazo kuripoti kwa ATF na polisi.

Nina maneno mawili kwa wasomaji wenzetu wa Kiswahili wanaoishi huko. Wewe una ukazi wa kudumu, na hilo halikuzuii kufanya kazi hii. Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kushika silaha, hata ikiwa ni kuipanga tu rafuni, isipokuwa kwa misamaha michache iliyotajwa katika sheria hiyo. La pili, ndugu au rafiki aliyeko Nairobi au Dar es Salaam akiona toleo jipya na kukuomba umtumie, mkatalie palepale, kwani kuuza silaha nje kunahitaji kibali cha serikali ya Marekani na vibali vya nchi inayopokea, na leseni ya duka la rejareja haigusi kabisa eneo hilo. Hata mteja wa kutoka California akiingia dukani kwenu, hamwezi kumkabidhi bastola. Itumwe kwa muuzaji mwenye leseni jimboni kwake, tena iwe ni bastola ambayo jimbo lake linairuhusu.

Kwa barua uliyonayo mkononi, basi, anza leo na tangazo la usalama kama lipo, kisha namba tatu zilizositishwa. Kesho asubuhi zungumza na wasambazaji na uwatake wathibitishe kila mstari kwa barua pepe. Oda mlizorudia kwa zaidi ya msambazaji mmoja zibaki kwa yule mwenye akiba au mwenye tarehe ya uhakika, na nyingine zifutwe kwa maandishi. Za toleo jipya ziwekwe kwa idadi ambayo duka linaweza kuilipia hata kama zote zitafika wiki moja, na orodha ya wateja wanaosubiri ibandikwe mahali ambapo wewe na mwenye duka mnaiona kila siku.